Kulabu Mbili Ubavuni

Benchi la mlango wa pili, mtaa wa Saltivka, ni imara kuliko jengo lenyewe. Jengo limeshapigwa mara mbili, lifti ilikata roho zamani, na madirisha ya upande wa kaskazini yote yamezibwa kwa plaiwudi. Benchi liko palepale. Kila asubuhi wazee watatu hukaa hapo na chupa ya chai iliyojaa kahawa, wakiendesha vita kwa mdomo. Panas wanamwita Jenerali, kwa kuwa alitumikia jeshi miaka ishirini akitunza stoo ya buti. Levko ni Satelaiti, maana simu yake hupokea habari za pande zote mbili na yeye huzitapika zote bila kutafuna. Wa tatu ni Omelko, anayeitwa Fundi, mchomeleaji mstaafu wa karakana ya vifaru, aliyeitwa arudi kazini vita vilipoanza na akarudi na miwani mipya. Benchi lilitoka mikononi mwake. Ukutani kando ya mlango kuna safu mbili za chaki, Vyao na Vyetu, za vifaru vilivyoungua. Ya Vyao imeshafika kwenye masanduku ya barua. Ya Vyetu ina mistari saba. Sharti la kijiwe ni kwamba bila picha hakuna mstari, na chaki anaishika Jenerali.

Jumamosi hiyo Satelaiti alifika simu ikiwa mkononi, hajafunga hata vifungo vya koti.

— Wazee, kumekucha. Warusi wanasema wiki iliyopita wametuchomea vifaru vitano. Vitano! Na video wametoa.

— Vitano? Jenerali akacheka puani. Juzi walisema wamepiga mizinga ishirini kwenye kijiji ambacho hakina hata matrekta ishirini. Hebu lete nione.

Wakainama wote watatu. Video ilipigwa na droni kutoka juu. Kiwanja cha alizeti zilizokauka, moshi, kifaru kimeinama pembeni kidogo, ubavu wa kushoto ukiwa juu. Kamera ikazunguka, ikashuka, ikapanda tena. Basi.

— Mimi naona kimoja, alisema Jenerali.

— Kimoja, lakini tazama, kimepigwa picha pande tano. Kushoto, kulia, nyuma...

— Ndiyo hesabu yao hiyo! Ng'ombe mmoja anapigwa picha kichwa, mkia, kwato, halafu wanasema tumechinja kundi. Mimina kahawa.

Omelko aliiomba simu kidogo, akairudisha ile video mpaka mahali kamera iliposhuka. Ubavuni mwa kifaru palikuwa na kiraka cha chuma, na mshono wake wa kulehemu uliishia kwa kulabu mbili ndogo zinazotazamana. Akaizima video, akairudisha simu kwa mwenyewe, akashika kikombe chake.

Kulabu moja ilikuwa alama yake. Kila mchomeleaji wa karakana alikuwa na namna yake ya kumaliza mshono, na yeye alimaliza hivyo kila kitu: vyuma vya vibaraza vya jengo hili, uzio wa kaburi la mkewe, benchi hili lililokuwa chini ya makalio yao. Kulabu mbili aliwahi kuziweka mara moja tu maishani. Mwezi wa nne kifaru kililetwa karakana na tundu ubavuni, na dereva aliyekileta alikuwa Ostap, mtoto wa Melania wa ghorofa ya tatu, mlango wa pili huuhuu. Ostap alisimama pale akila mbegu za alizeti, akamwambia, "Mzee Fundi, niwekee moja yako na moja yangu, nijue nimefungiwa na jirani." Msimamizi alikuwa amekataza alama kwenye vifaru. Omelko akaziweka.

Na Ostap alikuwa hajapiga simu siku kumi na moja.

— Fundi, umeona nini? Satelaiti akauliza. Macho yako yalitumbukia humo kama unasoma wosia.

— Simu yako chafu, alisema Omelko. Ifute.

Jenerali alikuwa ameshasimama. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima.

— Sikilizeni, mimi nawaambia. Hicho si kifaru. Ni plaiwudi! Kifaru bandia! Vijana wetu wanavitengeneza kwa mbao, wanavipaka rangi, wanaviacha shambani, na wale mabwege wanavipiga.

— Plaiwudi haitoi moshi mweusi vile, alisema Satelaiti.

— Wanatia matairi ndani.

— Na droni zao zinaona joto, Jenerali. Usiku zinaona hata sungura.

— Basi wanatia na jiko! Jiko la kuni ndani, linawaka polepole, joto sawasawa na la injini. Wewe Satelaiti umekaa na simu mwaka wa ngapi hujui jambo hilo?

Satelaiti alikuwa mtu wa kushindwa kwa dakika moja, halafu anamshinda aliyemshinda.

— Kumbe! Ngoja, ngoja. Mimi niliwahi kusoma kuna vya puto. Vinajazwa upepo, askari wawili wanakibeba kimoja begani kama godoro. Kikitobolewa wanaziba kwa gundi ya baiskeli, kesho kiko kijiji kingine.

— Si nilikwambia?

— Tena huenda hicho kimoja ndicho wamekipiga mara zote tano!

— Na tazama jua! Jenerali akanyoosha kidole kwenye simu. Video wanasema ya asubuhi, na kivuli kiko huku. Mimi nadhani hata shamba si letu. Hilo ni shamba lao, ndani kabisa huko kwao. Wamepanda alizeti wenyewe, wamejenga kifaru wenyewe, wamekichoma wenyewe, kisha wamejipa nishani.

— Plaiwudi yote ya mji huu iko madirishani mwetu, alisema Omelko kwa sauti ndogo. Ya kutengenezea vifaru imetoka wapi?

— Wewe Fundi, leo umeamkia upande gani? Nasema plaiwudi! Jenerali alifoka. Wamemaliza droni tatu kuua kabati la nguo!

King'ora kikaanza kulia upande wa kituo cha tramu. Hakuna aliyeinuka. Satelaiti alifunika kikombe chake kwa kiganja, kama kawaida yake, wakasubiri kelele ipungue waendelee kusikilizana. Hapo ndipo Omelko alipomtazama Jenerali vizuri. Mzee yule hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa ameinua kidevu, anahutubia juu, kwenye dirisha la ghorofa ya tatu ambalo ubao wake ulikuwa umesukumwa kidogo kuingiza hewa. Hakuwa amezitambua zile kulabu, hakujua kitu. Alijua tu kwamba Ostap ni dereva wa kifaru, kwamba yuko kimya, na kwamba mama yake anasikia. Omelko alimpenda sana rafiki yake wakati ule, na akazidi kuogopa.

— Kwa hiyo mstari hatuandiki, Satelaiti alisema.

— Mstari wa nini? Wa kabati?

Mlango wa jengo ukafunguka. Melania alitoka na kandambili za ndani na koti la mwanawe, mikono yake ikipotea kwenye mikono ya koti. Alikuwa mwalimu wa chekechea miaka thelathini, na mtaa mzima ulikuwa umewahi kuambiwa naye unawe mikono. Wazee wakasogea kumpa nafasi. Tangu benchi lile lichomelewe hakuwahi kukaa hapo. Wanawake walikuwa na lao, upande wa bembea.

— Karibu, Mama Ostap, alisema Jenerali. Kahawa ipo. Tulikuwa tunacheka hapa, hawa jamaa wamepiga kifaru cha plaiwudi...

— Nimekusikia, Jenerali. Nimekusikia tangu neno la kwanza. Asante, ndugu yangu.

Jenerali akashusha kidevu.

Melania alikaa. Akatoa simu yake, akaiweka juu ya goti la Omelko. Video ilikuwa ileile, imesimamishwa mahali palepale.

— Mzee Fundi, mwezi wa nne Ostap alinitumia picha. Alikuwa amesimama kando ya kiraka, anacheka. Alisema, mama, moja ya mzee, moja yangu. Nimezilinganisha tangu alfajiri. Mimi macho yangu ni ya uzee. Hizi ni zako?

Omelko aliona njia mbili. Moja ilikuwa nyepesi, na Jenerali alikuwa ameshaifagia: aseme ni doa, ni kutu, ni kivuli. Mama wa watu angepanda ngazi akiwa na plaiwudi yake, angelala leo. Mkono wake ulikuwa umeshuka wenyewe mpaka pembe ya benchi, kidole kikipapasa ile kulabu moja chini ya ubao.

— Ni zangu, alisema.

— Fundi! Jenerali alipaza sauti, kwa uchungu.

— Ni zangu, Mama Ostap. Nilizitia mwenyewe. Hicho ndicho kifaru chake.

Melania alitikisa kichwa kukubali, taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka Jenerali waziwazi na hakujisumbua kuyafuta.

— Lakini tazama hapa, Omelko aliendelea haraka, maana kulikuwa na jambo la pili, alilokuwa ameliona kwenye simu ya Satelaiti. Tazama mtutu. Unaona umelala upande? Hivi vifaru, dereva anakaa mbele, chini, peke yake. Mlango wake uko juu ya kichwa chake, na mtutu unapita juu ya mlango. Ukiwa umetazama mbele, mlango haufunguki. Dereva hatoki. Kila dereva anaota jambo hilo.

— Aliniambia, Melania alisema. Alisema haniambii, halafu akaniambia.

— Sasa, kifaru kinakwenda vitani mtutu ukiwa mbele. Huu umegeuzwa kushoto kabisa. Mtutu haujigeuzi. Kifaru kimeshapigwa, umeme umekatika, mtu amekaa mle kwenye moshi akazungusha kwa mkono gurudumu la kuugeuza mtutu, mara nyingi, badala ya kukimbia. Huyo alimfikiria dereva wake. Na hapa, chini... Satelaiti, ikuze hii picha, vidole vyangu vinene. Hapa. Mlango uko wazi.

Wakainama wanne. Doa jeusi la mviringo, dogo kuliko ukucha, na kando yake mfuniko umeinuka.

— Katoka! Jenerali aliruka. Kijana katoka! Nilijua! Mtoto wa mlango wa pili huyo!

— Atakuwa msituni, Satelaiti alidaka. Pale nyuma ya alizeti kuna miti. Simu imeungua, ndiyo maana hapigi.

— Au hospitali! Kafungwa bandeji mikono, hawezi kubonyeza!

— Au wenzake wamempeleka mjini Dnipro, kule majina yanachelewa...

— Au...

Melania aliinua kiganja, namna ileile aliyokuwa akiwanyamazisha watoto wa miaka mitano.

— Kiandike, alimwambia Jenerali.

— Nini?

— Chukua chaki. Andika mstari kwenye Vyetu.

— Mama Ostap, siwezi. Ukiandikwa hapo ni kama...

— Jana nilipiga simu jeshini. Kijana aliyepokea aliniongelesha vizuri tu. Alisema orodha aliyonayo haina kifaru chetu kilichopigwa sehemu aliyokuwa Ostap. Kwa hiyo kama hakuna kifaru, hakuna dereva. Wale wanasema vitano, sisi tunasema hakuna, nyie mnasema plaiwudi. Kikiwa cha plaiwudi, Jenerali, mwanangu hakuwamo ndani ya kitu chochote. Na mtu ambaye hakuwamo popote, nani atakwenda kumtafuta? Kiandike. Kilikuwepo, na yeye alikuwemo.

Jenerali alitoa chaki mfukoni. Ilimchukua muda mrefu kufika ukutani, hatua tatu. Akauvuta mstari wa nane, ukatoka umepinda, akaurudia juu yake ukawa mnene kuliko yote.

— Sasa ni kweli, Melania alisema. Aliichukua simu kutoka kwenye goti la Omelko, akaitazama tena. Na mlango uko wazi.

— Uko wazi, Omelko alijibu.

— Basi yuko wapi?

Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mtu anavyouliza majirani waliokaa nje mchana kutwa kama wamemwona mwanawe akipita.

Jenerali alibaki na chaki ukutani, mgongo umewaelekea. Satelaiti aliangalia simu yake, iliyokuwa ikitetemeka kwa habari mpya, akaizima. Omelko alijua unene wa chuma kile, alijua ni mizunguko mingapi ya mkono inaugeuza mtutu, alijua harufu ya ndani mle siku ya baridi na siku ya joto. Alitafuta kila mahali ndani ya alichokijua.

— Sijui, Mama Ostap, alisema. Hilo sijui.

Melania alishukuru kwa kichwa. Omelko akainuka, akaanza kufunga koti lake.

— Nenda kavae viatu, alimwambia. Nitakwenda na wewe kwa hao wa orodha. Nitawachorea hizo kulabu na kutia sahihi kwamba ni zangu. Waniadhibu kwa alama, hewala, lakini waandike.

— Na mimi nakuja, alisema Satelaiti.

Jenerali aliichukua chupa ya chai ammiminie mama kahawa kidogo kabla ya safari. Aliiinamisha, akaitikisa, akaiinamisha tena. Ilikuwa imekwisha.