Baraza Kumi na Moja za Buyenzi

Basi la Buyenzi lilikuwa limeshaanza kuondoka msichana mmoja alipolisimamisha, akaingia na bomba refu la ramani, akakaa kati ya Elvire, abiria aliyegeukia dirisha, na mzee muuza vitenge.

"Si ni we Joëlla, ule architecte anachora upya mtaa wetu?" mzee akauliza. "Mutatubomolea lini?"

"Apana, papa. Nyumba za zamani zinabaki, tutazitengeneza tu. Wakubwa wa mji wametia sahihi leo asubuhi."

"Na baraza za mbele?"

"Zote kumi na moja!"

Mzee akaguna. "Ule tajiri alitaka maduka pale. Alikubali?"

"Alikasirika. Kazi ya kuchora hoteli yake amepatia mutu mwingine."

Elvire aliacha kujifanya anatazama dirishani.

"Hoteli nzima, binti?" mzee akashangaa. "Sababu ya baraza?"

"Mu ramani ya kwanza mi mwenyewe nilizifuta, papa. Niliandika 'nafasi tupu'. Kisha mama Zaituni akafiwa na bwana yake, nikaona watu wamekaa pale siku tatu, wanalia naye, wanakula naye. Nikamuahidi hazitaguswa."

"Mi ningechukua hoteli," mzee akasema, ingawa alikuwa amempakatia lile bomba kama mtoto mchanga.

Basi likasimama. Joëlla akashuka, akaitandaza ramani juu ya kichwa chake, na vigelegele vikaanzia baraza ya kwanza, vikapokelewa na ya pili, na ya tatu. Mzee alimfuata na bomba tupu kwapani.

"Lakini hoteli, binti!" alipaza sauti. Hakuna aliyemsikia ila Elvire, ambaye naye alikuwa akipiga vigelegele.