Jani la Nne

Kwenye foleni ya kuuza majani ya chai Kiriaini, mwaka wa sabini na mbili, Wamae alijifanya anatazama mawingu, kumbe masikio yote yako kwa akina mama wawili mbele yake.

“Juzi karani alikataa kikapu yangu, nikamtukana,” mmoja alisema. “Lakini nimejichunguza. Nikikosana na bwana asubuhi, mkono haitosheki na majani mbili na chipukizi vile karani anataka. Inang'oa hadi ya nne.”

“Na leo?”

“Tumekosana kabisa. Lakini nimechuma pole pole, na sitatukana mtu.”

Karani akamwaga kikapu cha mama huyo mezani, akachakura, akainua jani moja gumu. Mama akavuta pumzi, akalichukua mwenyewe.

“Hiyo ni ya wakati bwana alitaja mama yangu.”

Wamae, aliyetoka kwake asubuhi bila kumwaga mkewe, akainama kuchambua kikapu chake.