Kidole Juu ya Uzi

Treni iliyobeba Wakasai waliofukuzwa kwa kuitwa wageni ilitoka Kolwezi polepole, kama inayotembea usingizini. Ngeleka, mmoja wa abiria, alifumba macho, akawasikiliza majirani wake wawili wa kiti ambao hawakujuana.

"Tata, umeacha kitanda, ukabeba hii mbao?" aliuliza mama Mushiya.

"Mi njo nilikuwa nachora programu za ordinateur ya mine," alijibu Mpoyi, aliyekuwa mtu wa kompyuta mgodini. Misumari ilishikilia vipande vya katoni ubaoni, nyuzi za rangi zikiviunganisha. "Kila katoni ni programu moja. Kazi ikibadilika, unahamisha musumari tu. Lakini mbele ya kutoa moja, unapitisha kidole ku kila uzi, uone ni nini inaitegemea."

"Ungebaachia bale ba ku mine. Sasa batafanya je?"

"Na sisi, mama, balituachia nini?"

Ngeleka alifumbua jicho moja. Swali hilo halikuwa na tiketi, lakini lilikuwa limejaza behewa zima.

Mama Mushiya aliweka kidole juu ya uzi mwekundu, akaufuata taratibu, katoni hadi katoni, vichuguu vikipita dirishani.

"Basi siku ya kututoa, tata, nani alipitisha kidole?"

 Treni ikasimama kituo cha Tenke, na kidole cha mama kilikuwa bado hakijafika mwisho wa uzi.