Mama Mukai Mwololo, Aliyezitetea Ndege za Vita
(1948–2009)

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Lucy Katee, nyumbani kwa marehemu, Kitengela, Jumamosi tarehe 12 Septemba 2009.

Tunamzika leo mama aliyekuwa na mikono myepesi na shingo ngumu. Shingo hiyo mnaijua nyote mlioketi hapa. Mikono mliisahau. Tunaomba mtulie mpaka mwisho, kwa sababu chakula kiko nyuma ya hema na hakitapakuliwa kabla wasifu huu haujaisha.

Mama Mukai alizaliwa mwaka wa 1948 huko Mbiuni, Mwala, wilaya ya Machakos, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maweu na marehemu Mama Katee. Alizaliwa mwezi wa kuvuna, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitoka ameshakunja ngumi. Alilelewa kanisani, akabatizwa, na akaimba kwaya kwa sauti iliyowashinda wenzake hata pale ambapo wimbo ulitaka waimbe polepole.

Alisoma katika shule ya misheni ya kijijini hadi darasa la nne. Kuna kisa ambacho familia hukisimulia kila Krismasi. Siku moja Mukai alisimama darasani akamwambia mwalimu usoni, "Wewe ndiye uliyekula ndizi za sadaka." Baadaye ikajulikana kuwa mbuzi wa katekista ndiye aliyezila. Mwalimu akamtaka aombe msamaha. Mukai akakataa, akasimamishwa juani mpaka midomo ikapasuka, na msamaha haukutoka. Baba alipomuuliza jioni, alijibu, "Najua nilikosea. Lakini ananilazimisha." Baba alicheka. Angejua yatakayofuata, pengine angemchapa. Mwaka uliofuata karo ikawa ya kaka zetu, na masomo ya Mukai yakaishia hapo.

Mwaka wa 1968 alifunga ndoa kanisani na marehemu Mwololo Munguti, mtu mpole aliyefanya kazi kiwandani Athi River. Mungu aliwajalia watoto wawili, Celine na Kivuva. Mwaka wa 1989 walinunua ploti hii tunayoikanyaga, wakati Kitengela ilikuwa nyasi na pundamilia, na jirani wa kwanza kuwaletea maziwa alikuwa Nashipae, mke wa Mzee Parmuat. Mwololo alifariki mwaka wa 1994 kwa ugonjwa wa kifua. Mukai hakurudi Mbiuni kulia kwa ndugu. Alitengeneza kibanda kando ya barabara akaanza kupika.

Hapo ndipo mikono yake ilipojulikana. Alipika isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva mpaka yakasahau kwamba yaliwahi kuwa magumu, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uliowafanya wachonga mawe waliotoka machimboni kupita vibanda vingine bila hata kugeuza macho. Mwanawe Kivuva alikulia katika moshi huo. Mwaka wa 1998 aliajiriwa kuwa mpishi katika kambi moja ya jeshi la wanahewa. Kina mama wengine walijisifia watoto walioko vyuo vikuu; Mukai alijisifia mpishi. "Rubani ni rubani akishashiba," alikuwa akisema, na kila mwisho wa mwezi Kivuva alipokuja na koti lake jeupe la jikoni, mama alimtembeza mtaa mzima kama mtu anayetembeza fahali.

Tuseme sasa habari ya zahanati, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa mama huyu alikufaje. Mke wa mwana wa Parmuat na Nashipae alifia barabarani akijifungua, kwa kukosa hata chumba cha kujifungulia. Mzee Parmuat akatoa kipande cha ardhi bure, na kina mama wa Mwethya wa Wendo, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wakaanza kujenga wenyewe. Mukai alikuwa miongoni mwa walioanzisha. Mawe walibeba mgongoni, mchanga walichota mtoni, na kufikia mwaka wa 2005 kuta zilikuwa zimesimama. Kilichobaki kilikuwa paa, na mabati yalikuwa yameahidiwa na serikali.

Ni wakati huo huo nchi nzima ilipokuwa ikizozana juu ya ndege za vita. Serikali ilitaka kununua mpya, za bei ya kutisha, na kila redio ilikuwa na mtu anayepiga kelele. Mwaka wa 2006 mkubwa mmoja kutoka Nairobi alikuja kufanya baraza pale pale kwenye kuta. Alituambia kwamba nchi bila ndege ni boma bila ua. Mzee Parmuat akasimama na fimbo yake.

"Mheshimiwa, mimi nilitoa shamba yangu. Mke wa kijana yangu alikufia kwa barabara. Hizo ndege zitabeba mama mjamzito?"

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Na hapo, bila kuitwa na mtu, Mukai akainuka.

"Mimi niko na kijana kwa kambi ya hizo ndege. Ndege za zamani zimezeeka, na wanasema kama hakuna zingine kambi itafungwa. Wacha zikuje! Paa tutaweka wenyewe. Si kuta tuliweka wenyewe?"

Mkubwa yule alikaribia kumkumbatia. "Mmesikia mama? Huyu ndiye mzalendo!" Jioni sauti ya Mukai ilikuwa kwenye habari. Na mabati? Hayakuonekana tena. Kina mama walipokwenda ofisini kuulizia, waliambiwa kwamba watu wa Kitengela walisema wenyewe, hadharani, kwamba watajiezekea.

Tusidanganyane kwa kuwa yuko ndani ya sanduku. Alikosea. Mdomo wake uliwaangusha wenzake waliobeba mawe pamoja naye, na ulimwangusha Nashipae aliyemletea maziwa ya kwanza.

Mwethya una sheria ya zamani kuliko sisi sote. Anayewaangusha wenzake hupika isyo sufuria nzima, huleta mbuzi, na huketi chini mbele ya wanachama. Wakila, neno limekwisha, na hakuna anayelitaja tena. Mwenyekiti, Mama Mbeke, alimpelekea ujumbe huo kwa heshima. Mukai alikuwa tena yule msichana aliyesimama juani. "Nipike kwa sababu nimemtetea mtoto wangu? Sipiki." Basi akatengwa. Hakuna mwanachama aliyemsalimu, aliyekula kibandani kwake, aliyemwazima chumvi wala aliyemuuliza ameamkaje. Kibanda kilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Aliyeendelea kupita mlangoni alikuwa Nashipae peke yake, ambaye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kutopita.

Ndege zilikuja. Siku ya kwanza zilipopita juu ya Kitengela, Mukai alitoka uani akazitazama mpaka shingo ikamuuma, kisha akarudi ndani kupika chai ya mtu mmoja. Hakujua kwamba fedha zilipokwenda kwenye ndege, kambi ilianza kubana mkanda, na mkanda ulianzia jikoni. Wapishi wa kiraia waliachishwa kazi, na chakula kikapewa kontrakta. Kivuva hakuthubutu kumwambia mama yake. Aliweka meza ya chapati kando ya barabara Athi River, na kila mwisho wa mwezi alifua lile koti jeupe akaja nalo nyumbani, akatembezwa.

Mwezi wa Juni mwaka huu Mukai alikwenda Athi River na Nashipae kununua maharagwe. Alimwona mwanawe amevaa koti lile lile, anasukuma chapati katikati ya vumbi. Alisimama nyuma ya lori lililoegeshwa akamtazama kwa muda mrefu. Hakumwita, wala Kivuva hakumwona.

"Nashipae," akasema, "paa yenu niliiuza bure."

Nashipae akamshika mkono, akamwita mama Kivuva kwa Kimaasai chake. "Ng'oto Kivuva, twende nyumbani."

Jumapili moja ya Julai, baada ya ibada, kikundi kilikutana kwenye kuta za zahanati. Mukai alikuja na sufuria ya isyo mgongoni, imefungwa kwa leso, akaitua, akaketi chini kwenye mchanga aliouchota kwa mikono yake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na mguu uliovimba.

"Nimekuja kula neno langu. Nilikosea," alisema. Wale waliomjua tangu Mbiuni walijua kwamba sentensi hiyo haikuwahi kutoka katika kinywa hicho.

Mama Mbeke alifunua sufuria, akaangalia, akafunika. "Na mbuzi iko wapi?"

"Kiangazi kimemaliza mbuzi, Mbeke. Nitaleta mvua ikinyesha."

"Basi na isyo ingoje mvua."

Walicheka. Wakainuka mmoja mmoja, wakakung'uta sketi zao, wakaenda. Sufuria ilirudi nyumbani imejaa. Celine alitaka kuwapa majirani, mama akakataa. Aliila peke yake mpaka ikachacha, na iliyochacha akaimwaga nyuma ya nyumba.

Mama Mukai alikuwa akiugua ugonjwa wa sukari tangu mwaka wa 2004. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 2 Septemba 2009, alianguka uani. Celine alikimbia kwa Mama Mbeke kwa sababu pikapu ya kwao ndiyo iliyokuwa karibu, na ilikuwa imesimama pale pale langoni. Mama Mbeke hakufungua lango.

"Mwambie ndege zilishakuja. Si aitishe moja imbebe?"

Wanawake wawili waliokuwa naye walicheka. Majina yao hatujayaandika. Wanajijua, wako hapa, na leso walizovaa siku ile ndizo walizovaa leo.

Celine na Nashipae walimbeba mgonjwa hadi barabarani, wakamlaza ndani ya kuta za zahanati, kwenye kivuli cha upande mmoja, kwa kuwa juu hapakuwa na kitu cha kuzuia jua. Gari la kwanza kusimama lilikuwa lori alilokodi Mzee Parmuat kupeleka ng'ombe wake wa mwisho machinjioni kabla kiangazi hakijawamaliza. Alisukuma ng'ombe wawili kando akamtengenezea nafasi. Mama Mukai alikata roho njiani kuelekea hospitali, kichwa kikiwa mapajani mwa Nashipae, katikati ya mifugo iliyokuwa mifupa mitupu. Lori lilipita mbele ya meza ya Kivuva huko Athi River. Kivuva aliinua macho akaona ng'ombe tu, akaendelea na chapati.

Marehemu ameacha binti yake, Celine. Mwanawe, Kivuva, mpishi. Mdogo wake, Lucy. Na rafiki yake, Nashipae. Ameacha pia kuta nne zisizo na paa, ambazo mtazipita mkirudi kwenu.

Na sasa chakula. Kama mnavyojua, desturi yetu ni kwamba kikundi ndicho hupikia waombolezaji. Kikundi hakikuja kupika, na hatukukiomba. Kivuva amepika usiku kucha, amevaa koti lake. Alichopika ni isyo, kwa maharagwe aliyonunua mama yake mwezi wa Juni. Mbuzi yuko pia, ametolewa na Mzee Parmuat, ambaye hana wengi waliobaki. Sheria ya Mwethya haikusema kwamba anayelipa faini lazima awe hai, na kuhusu kuketi chini, hakuna mwanachama atakayeketi chini zaidi kuliko Mukai leo. Anayekula amemsamehe, na neno limekwisha. Asiyekula asimame aseme sababu hapa hapa, kabla udongo haujarudishwa.

Mama Mbeke, sahani ya kwanza ni yako.

Pumzika, Mukai. Sisi tunabaki hapa kuangalia nani anakula.