Aliyefyatua Risasi Korongo la Tolliver

Janeen, zima hiyo televisheni. Na wewe Darrell, vuta kiti uje upande huu, maana sikio langu la kushoto lilishakufa zamani na huu mpira wa oksijeni haunifikishi mbali. Nisikilizeni, wanangu, na msinikatize, kwa sababu nikikatizwa sitapata pumzi ya kurudi pale nilipoachia. Muuguzi ameniambia ni siku, hakutaja wiki, na mimi nina neno nililolikalia miaka kumi na moja.

Mepesi kwanza. Nyumba hii na konde la majani ni vyenu wawili, msigawane kwa uzio, mkishindwana kodisheni. Pikapu ni ya Janeen, yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka hospitali. Bunduki ziko sita kabatini. Tano gawaneni mpendavyo. Ile ndogo ya marehemu mama yenu, ya kupigia sungura, ni ya Tess. Najua binti yako Tess hayupo hapa, Darrell, na najua unamwona mara mbili kwa mwaka kwenye maegesho ya duka kama mtu anayekabidhiwa mzigo. Bunduki hiyo ni yake hata hivyo, kama mama yake ataridhia, na namna atakavyofundishwa kuitumia ndiyo wosia wangu.

Afundishwe na mtu asiye na haraka. Siku ya kwanza asipewe hata risasi moja. Akae mezani na bunduki tupu, aifungue, atazame ndani ya chemba, atie kidole kuhakikisha, aifunge, halafu afungue tena, mpaka achoke na mwalimu achoke, kwa maana kila bunduki ina risasi hata ile uliyoitoa risasi mwenyewe dakika moja iliyopita. Mtutu usielekee kitu ambacho hayuko tayari kukizika. Kidole kikae nje ya triga mpaka atakapokuwa amekata shauri. Siku ya kwenda nje, aangalie ramani ajue ardhi ya umma inaishia wapi na ya mtu inaanzia wapi, apige simu ofisi ya ardhi ya umma aulize kama wamekataza kuwasha moto na kupiga risasi, achukue miwani, vizibo vya masikio, sepetu na maji mengi kuliko anayodhani yatatosha. Apige kuelekea kilima cha udongo, siyo mawe. Asilenge chupa. Aokote maganda yake yote na takataka za waliomtangulia. Na akiona kitu hakielewi, aulize, na yule anayemfundisha asimcheke.

Hayo yote mnayajua. Nimewafundisha nusu ya watu wa bonde hili, miaka thelathini na nane kila masika pale kwenye ukumbi wa wakulima, na hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwangu. Ndiyo maana watu waliamini walichoamini.

Darrell, mkeo Marisela alinijia mwezi wa saba mwaka ule, wewe uko barabarani na lori la vitunguu unakwenda Nebraska. Simba wa milimani alikuwa amechukua mbwa wenu mlangoni, na yeye yuko peke yake na mtoto wa miaka minne, jirani wa karibu maili tisa. Alikuja na kijitabu cha sheria alichokiazima maktaba, amekipiga mistari ya njano kurasa nzima. Akaniambia, "Baba, nifundishe, lakini nifundishe kwa utaratibu. Sitaki kujifunza kwa mazoea ya watu."

Nilimpenda siku ile. Sikuwahi kumwambia.

Jumamosi ya kwanza tulikaa jikoni, mama yenu LaRue anamlisha Tess, na Marisela anafungua na kufunga bunduki ile ndogo mpaka LaRue akasema kelele hizo zitamtia wazimu. Jumamosi ya pili tukaenda Korongo la Tolliver, akapiga makopo ishirini na matatu katika thelathini, kisha akazunguka na gunia kuokota maganda ya wengine, mitungi, hata kiti kibovu mtu alichokitupa.

Ya tatu ilikuwa mwezi wa nane. Majani yalikuwa meupe kama karatasi, ukikanyaga yanavunjika. Pale tunapoingia ardhi ya umma, kwenye vyuma vya kuzuia ng'ombe, walikuwa wamepigilia tangazo jipya. Mimi nilipita. Yeye akaniomba nisimame, akashuka, akalisoma lote, akarudi dirishani kwangu.

"Baba, wamekataza kupiga risasi mpaka watakapotangaza tena."

Nikamwambia hayo ni ya wageni wa mjini kutoka Boise wanaokuja kulipua mapipa na kuondoka. Sisi tuna kilima, tuna sepetu, na mimi nimepiga risasi korongo hili tangu sijaota ndevu.

Akasema, "Sijaona mahali walipoandika isipokuwa sisi."

Nikacheka. Nikamwambia kitabu kimemlevya. Akapanda, kwa sababu mimi ni baba mkwe wake na mimi ndiye mwalimu, na angerudi nyumbani kwa miguu? Lakini tulipofika akakataa kushika bunduki. Alikaa nyuma ya pikapu, mikono mapajani, akasema kwa adabu kwamba leo atatazama tu.

Sikilizeni vizuri hapo. Siku ile Marisela hakufyatua hata risasi moja.

Mimi nilikuwa na miaka sabini na nimekataliwa na mwanagenzi. Ilinichoma. Nikatoa bunduki yangu kubwa na kopo la risasi za jeshi alizoniachia kaka yangu, zile zenye chuma ndani, zile nilizokuwa nikiwaambia watu kila masika wasithubutu kuzitumia wakati wa ukavu. Nikapiga sita kwenye udongo. Ya saba ikashuka, ikagonga jiwe jeusi chini ya kilima. Nikaona cheche, kisha kamoshi kadogo kama ka sigara.

Yeye ndiye aliyekimbia kwanza, na madumu mawili ya maji. Mimi nikafuata na sepetu. Tulipofika moto ulikuwa mpana kama meza hii, tukaupiga, tukaumwagia, akavua koti lake akaupiga nalo, na nikadhani tumeushinda, upepo ukageuka. Ukafika magotini. Ukanifika kifuani. Halafu hapakuwa tena na kitu cha kupiga. Tulisimama pale, madumu matupu, tunautazama unapanda kilima kwa sauti kama ya treni, na simu hazishiki korongoni. Sijawahi kujiona mdogo vile. Mpaka leo hii hapa kitandani, ambapo hata kikombe nashikiwa.

Uliwaka siku tatu. Ng'ombe wa Orrin Stadler walikuwa juu ya korongo. Walikimbilia kwenye uzio na uzio ukawazuia.

Asubuhi ya siku ya pili ya moto Orrin aliomba mwenye bunduki aje amsaidie kuwamaliza wale waliokuwa bado wanapumua. Nilimkataza Marisela, akaja. Orrin alipiga wanne, wa tano mikono ikamkataa, akakaa chini kwenye majivu. Alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa shule. Marisela akamwendea, akainama, akamuuliza, "Nipige wapi hasa asisikie tena?" Orrin akamwonyesha kwa kidole kwenye paji la uso la mtamba. Marisela akachukua bunduki yake, akaifungua, akatazama ndani. Kila ng'ombe, wanangu, alisimama, akatazama nyuma yake risasi itaishia wapi, akatuomba tusogee, ndipo akaweka kidole kwenye triga. Tisa. Uso umelowa wote, na hakuna alichokosea. Kila nilichomfundisha alikifanya mle majivuni, mbele yangu mimi niliyekuwa sijafanya hata kimoja.

Yule afisa wa ardhi ya umma alitukuta hapo hapo. Kijana mpole, ana daftari. Akauliza nani alikuwa anapiga risasi korongoni jana. Aliyekuwa na bunduki mkononi ni Marisela. Orrin alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Ndiyo kwanza anajifunza."

Basi. Maneno matatu, na hakuna hata moja la uongo. Kijana akafungua ukurasa mpya akamuuliza Marisela jina lake linaandikwaje. Marisela akanigeukia. Akangoja. Mimi nikatazama ng'ombe. Akataja jina lake, herufi moja moja.

Njiani hakulia. Aliniambia, "Nitasubiri, baba. Najua utalisema mwenyewe." Na mimi nilikusudia. Nilikusudia kesho yake, nilikusudia kabla ya mahakama, nilikusudia baada ya Sikukuu ya Shukrani, na kila nilipofungua mdomo nilimwona Orrin, niliwaona watu wa ukumbini niliowafundisha, na mdomo ukajifunga. Hakimu akamtia hatiani. Dukani wakaacha kumsalimu. Mke wa Orrin akahama kiti kanisani. Ukarudi wewe Darrell, ukasema mezani kwangu, mbele ya kila mtu, kwamba ameunguza bonde zima kwa mchezo. Unakumbuka mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nakata nyama. Niliendelea kukata. Marisela alinitazama mara ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mwezi wa tatu akamchukua Tess akaondoka. Orrin alikufa akiamini ni Marisela. Mama yenu aliniuliza mara moja tu, nikakataa, hakuuliza tena. Na tangu siku ile alikuwa akilala amenipa mgongo.

Ngoja. Nipe maji, Janeen. Kidogo.

Darrell, kaa. Darrell. Haya, simama basi, siwezi kukushika.

Nisikilize ukiwa hapo mlangoni. Nimeandika barua, Janeen alinishikia karatasi bila kusoma. Iko chini ya Biblia. Nakala moja ya mahakama, moja ya gazeti la kaunti, moja ya kijana wa Orrin. Zipelekwe nikiwa hai, nisije nikasifiwa kwenye mazishi. Ya nne ni ya Marisela, na hiyo sitaki ipite posta. Mimi ningeipeleka mwenyewe, lakini mwanangu, tazama miguu yangu. Sitafika hata ngazini. Nakuomba uipeleke wewe. Usimwombe arudi. Usimwombe anisamehe. Mwambie tu kwamba nimelisema, kisha umwache aseme au anyamaze atakavyo, na wewe uombe radhi yako, hiyo siwezi kukuombea.

Ichukue.

Ameichukua? Sikuona, macho haya. Janeen, ameichukua au ameondoka tu? Chini ya Biblia, tazama. Zimebaki ngapi?

Tatu. Sawa.

Huo ni mlango wa gari lake. Anaweza kuichoma njiani, Janeen, na ni haki yake. Nenda dirishani. Pale getini, kushoto ni njia ya mji wa Nampa, kwa Marisela, kulia ni kwake. Mimi kutoka hapa naona dari tu.

Vumbi? Basi subiri litulie.

Wewe Janeen hukuniuliza kitu siku zote hizi, ukaniosha, ukanilisha. Mungu akuoshe na kukulisha uzeeni mwako. Tess, popote alipo, awe na mkono wa mama yake na asiwe na ulimi wangu. Marisela... sistahili kumbariki. Mbariki wewe kwa niaba yangu. Na Darrell, Mungu amwangalie barabarani, asiendeshe kwa hasira.

Limetulia? Hapana, usiniambie. Usiniambie alikokata kona. Kaa hapa. Nishike mkono, huo mwingine, huu sisikii.