Idalia Berumen na Mlango wa Rangi Mbili

Baada ya kupaka rangi nyumba za mji wetu wa jangwani, Palm Springs, kwa miaka thelathini na minane, Bi. Idalia Berumen anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026. Kampuni yetu ya ukarabati haijapata fundi mkaidi kama yeye, wala anayependwa kama yeye.

Alijiunga nasi mwaka 1988, wakati nyumba hizi za miaka ya hamsini hazikuwa na mtu wa kuzitetea. Wengi waliziona vibanda tu: paa bapa, kuta za vioo, matofali ya matundu. Yeye alizipenda tangu siku ya kwanza. Mteja akilalamika kwamba nyumba ni fupi, humketisha sebuleni na kumwambia, "Tazama mlima huo, mwanangu. Umeingia hadi ndani na wala hukuualika." Kisha humweleza jinsi jua la Desemba, majira ya baridi, linavyofika mpaka kwenye zulia, na la Julai, majira ya joto, linavyozuiwa na upenu. Sisi wenzake tumeyasikia hayo mpaka tumeyakariri.

Kosa alifanya moja, na hatutalificha. Juni 2004 alitumwa kupaka mlango rangi ya chungwa. Mtaa ule ulijengwa wote kwa ramani moja, kila nyumba ikageuziwa upande wake na kupewa paa lake. Idalia hakusoma namba. Alitafuta paa lililoinuka pande mbili kama mabawa. Kumbe yalikuwa mawili, yakitazamana, naye akapaka mlango wa nyumba isiyohusika.

Mwenye nyumba, Bwana Whitcomb Sayles, alirudi akakuta mlango umekwisha pakwa, na rangi imekauka kwa joto letu hili.

"Mama, umejisumbua bure," alimwambia. "Jumatatu natia sahihi kuiuza nyumba. Anayenunua anaibomoa, ajenge ghorofa."

Idalia aliumia kweli kweli. "Basi ibomolewe ikiwa safi," alijibu, akashika msasa na kuanza kuikwangua rangi yake kuanzia chini. Kwa hasira alizama mno. Chungwa likatoka, nyeupe ikatoka, na kahawia pia, hadi ikajitokeza feruzi, buluu yenye ukijani.

Bwana Sayles akamshika mkono. Feruzi ile aliipaka marehemu mkewe, Lorraine, wiki waliyohamia mwaka 1964. Alikaa kizingitini akalia bila kujificha, kisha akasema, "Ishia hapo hapo." Jumatatu hakwenda kutia sahihi.

Nyumba ingalipo, mlango juu chungwa, chini feruzi. Idalia hupita kuukagua kila mwaka, na kila mwaka huomba aumalizie. Hukataliwa.

Bwana Sayles sasa ana miaka tisini na mmoja. Tulipomwalika kwenye sherehe alikataa, akataka ifanyike kwake. "Huyo mama miaka yote anaishia mlangoni na makopo yake," alituambia. "Safari hii aje mikono mitupu, apite, akae."

Basi pita, Idalia, ukae. Tunakushukuru kwa kila ukuta, na tunakuombea siku nyingi zenye furaha.