Popo wa Kyondo

Gari letu lilikuwa limetoka Kasese kwenda Bwera, mwaka ule Ebola ilipokuwa ng'ambo ya mpaka. Haji Siraj, muuza vitenge wa Mpondwe, alimuuliza binti aliyeketi kando yake anasomea nini.

“Ekolojia, Haji. Wiki iliyopita tulikuwa milimani Kyondo, tunashika popo.”

Haji alisogea hadi mlangoni, maana popo husemwa hubeba Ebola. “Kwenu kuku iliisha?” Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yao; mjukuu wangu husoma masomo hayo hayo chuoni, nami humtaja katika kila safari. Safari hii nilinyamaza.

“Tunavaa glavu,” binti alisema. “Lakini popo moja ilishikwa na wavu. Nikatoa glavu, nisivunje bawa yake.”

“Ikakuuma.”

“Kidogo tu.” Alikifunika kidole kwa leso.

“Mwalimu yako anajua?”

“Nikimwambia, atanitoa kwa utafiti.”

“Na homa, iko?”

“Sijui, Haji. Naogopa kujipima.”

Haji alifungua dirisha, ijapokuwa vumbi lilikuwa jingi, wala hakuna abiria aliyelalamika. Kisha akasema kwa upole, “Mutoto yangu, pale mbele kwa kizuizi banapima watu homa. Ubaambie wewe mwenyewe.”

“Watanifungia.”

“Ndiyo, banaweza kukufungia. Lakini ukifika nyumbani na ugonjwa, mama yako atakukumbatia.”

Gari lilisimama kizuizini, na muuguzi akaja na kipimajoto mkononi. Binti alishuka wa kwanza, leso bado kidoleni, nasi tukabaki vitini tukisikiliza kama atataja popo.